Ta-tam: Wimbo wa Treni na Kumbukumbu Zinazoamka

Mabibi na mabwana, wapiga gitaa, wanakwaya, nanyi mnaoshinda na wazee kutwa nzima,

Kabla ya maneno mengi, naomba kila mmoja agonge meza kwa vidole viwili, kimoja kikimfuata mwenzake upesi: ta-tam. Nyamaza kidogo. Ta-tam. Nyamaza tena. Msiharakishe. Tukiendelea hivi kwa nusu dakika, wapo humu ndani watakaokuwa wameshaketi kwenye dirisha la treni, na hakuna aliyefungua kinywa kuimba.

Husemwa kwamba nyimbo za treni zinatugusa kwa sababu zina huzuni. Sisi hatukubali. Nyimbo za huzuni zimejaa tele, na nyingi hazimkumbushi mtu chochote zaidi ya huzuni yenyewe. Wimbo wa treni hufanya kazi kwa sababu umebeba vitu: mpigo wa gurudumu, mlio wa honi, jina la stesheni, idadi ya mabehewa. Msikilizaji hudaka kimojawapo, kisha pengo lililobaki hulijaza kwa mambo yake mwenyewe.

Basi tuanze na ta-tam. Zamani reli zilikuwa vipande vilivyoungwa kwa bamba na bolti, na kati ya kipande na kipande huachwa mwanya. Mwanya huo si uzembe wa fundi. Chuma hutanuka kwa joto: reli ya mita 12, joto likipanda kwa nyuzi 40, hurefuka kwa milimita 5 na nusu hivi. Usipoiachia nafasi itapinda. Gurudumu likivuka mwanya hugonga. Behewa la kawaida la abiria hukaa juu ya vigari viwili vya chuma, kimoja kila mwisho, na kila kigari kina ekseli mbili, yaani vyuma viwili vinavyobeba magurudumu. Ekseli ya mbele inagonga, ya nyuma inafuata: ta, tam. Kisha kimya mpaka mwanya unaofuata.

Kwa hiyo sauti ile ni saa. Kama reli zina urefu wa mita 12, hesabu ta-tam zilizo chini ya kiti chako kwa sekunde 43. Idadi utakayoipata ndiyo mwendo wa treni kwa kilomita kwa saa. Ukihesabu 60, treni inakwenda 60. Marekani reli zilikuwa za futi 39, karibu mita hizohizo 12, kwa kuwa zilipaswa kuenea katika mabehewa ya mizigo ya futi 40. Huko viungio vya reli ya kushoto na ya kulia havikukabiliana, vilipishana, ndiyo maana mpigo wa treni za kule una mshazari fulani ambao wapiga gitaa wake wanaujua hata kama hawajui sababu yake.

Mwimbaji anaweza kuigeuza hesabu hiyo. Chukua mwendo wa treni, zidisha kwa 1.4, utapata midundo kwa dakika. Treni ya kilomita 80 kwa saa inakupa midundo 111 au 112, mwendo ambao mguu wa mtu unaucheza bila kuamrishwa. Treni ya 50 inakupa 70, ambao ni mwendo wa kubembeleza. Wimbo wa kuaga ukipigwa kwa midundo 140 unakuwa treni ya kilomita 100 kwa saa, na hakuna anayepunga leso kwenye treni ya namna hiyo, imeshapita.

Siku hizi reli za njia kuu huchomelewa pamoja zikawa mkanda mmoja mrefu. Safari ni tulivu, matengenezo yamepungua, na ta-tam imetoweka karibu yote. Mtoto anayepanda treni mpya husikia mvumo tu. Sauti ile sasa imebaki kwenye njia za zamani na kwenye mkono wa mpiga gitaa.

Mkono huo unafanya nini? Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, likibadilishana kati ya mbili, kwa mdundo wa kwanza na wa tatu, na vidole vinajibu juu kwa nyuzi nyembamba kwa wa pili na wa nne. Dole gumba ndilo gurudumu. Wanaoanza hukosea kwa kutoa nguvu sawa kwenye kila pigo, na matokeo yake ni cherehani, si treni. Mpigo wa juu uwe mwepesi, tena ukauke upesi: legeza mkono wa kushoto mara tu baada ya kupiga ili nyuzi zizimike. Kosa jingine ni kuongeza kasi kila kiitikio kinapofika kwa kuwa watu wameanza kuimba. Treni haina habari na abiria wanaoimba.

Elizabeth Cotten wa North Carolina, Marekani, aliyetunga wimbo maarufu wa treni ya mizigo angali msichana mdogo mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa anatumia mkono wa kushoto na alilipiga gitaa la wa kulia kwa kuligeuza tu, bila kubadilisha nyuzi. Besi ikaangukia kwenye vidole na sauti ya wimbo ikaangukia kwenye dole gumba. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1958, naye ameshakuwa bibi. Mwimbaji Johnny Cash, wa hukohuko Marekani, yeye kwa kukosa mpiga ngoma alipitisha kipande cha karatasi katikati ya nyuzi za gitaa karibu na shingo. Zikatoa mkwaruzo mkavu kama brashi juu ya ngoma. Jaribuni leo: karatasi moja iliyokunjwa mara mbili inatosha. Msitumie kadibodi, inaua sauti yote.

Lakini ala iliyoiba treni nzima ni kinanda cha mdomo. DeFord Bailey, aliyesikika redioni Nashville, Marekani, miaka ya 1920, alirekodi mwaka 1927 kipande kilichopewa jina la treni ya Pan-American, na ndani yake mna mvuke, mteremko, mlima na honi, vyote kwa mtu mmoja na kifaa kinachoenea kiganjani. Siri iko kwenye pumzi. Chukua kinanda cha ufunguo wa C. Vuta pumzi kwenye matundu ya 1, 2 na 3 kwa pamoja mara mbili, kisha puliza kwenye hayohayo mara mbili, ulimi ukitamka tu-ka, tu-ka. Anza polepole hadi uone aibu, maana treni nzito haichomoki stesheni. Honi ipo tundu la 4 na la 5 kwa kuvuta, huku ukiishusha sauti kidogo kwa kurudisha ulimi nyuma, na kiganja kikifunguka na kufunga nyuma ya kinanda. Tatizo litakalowapata ni moja: mnavuta kuliko mnavyopuliza, mapafu yanajaa, na baada ya dakika moja mnatweta mkidhani mmeishiwa pumzi, kumbe imezidi. Toeni hewa kwa pua wakati wa kupuliza. Wengi waliokata tamaa na kinanda cha mdomo walikata tamaa hapo.

Matundu hayo mawili, kwenye kinanda cha C, yanatoa re na fa. Umbali kati yake ni nusu toni tatu, yaani hatua tatu ndogo, kama vile kupanda vituo vitatu kwenye shingo ya gitaa. Shikeni namba hiyo, maana inarudi sasa hivi.

Honi ya treni inayokuja husikika juu kuliko ilivyo, na ikishapita husikika chini. Treni ikiwa na mwendo wa kilomita 100 kwa saa na wewe umesimama kando ya njia, mshuko huo ni karibu nusu toni tatu. Yaani treni yenyewe, ikikupita, inaimba umbali uleule wa matundu yale mawili, ambao wengi huusikia kuwa wa huzuni. Ya kilomita 60 hushuka chini kidogo ya nusu toni mbili, haina uchungu mwingi. Kwa hiyo ukiimba ule “uuu” wa honi, usiushikilie palepale. Uanzie juu, uuteremshe nusu toni tatu taratibu, na uuache upungue. Ukiuinua, umetangaza treni ifikayo. Ni wimbo mwingine huo.

Kwa nini usiku? Nyimbo nyingi za treni zina usiku ndani yake, na haya si mapambo ya washairi. Usiku tulivu usio na mawingu ardhi hupoa kwanza, hewa ya chini ikawa baridi kuliko ya juu. Sauti inayopanda hupindishwa kurudi chini, na honi ambayo mchana haivuki hata kilima inamfikia mtu kitandani kilomita nyingi. Anayeisikia haioni treni. Anajua tu kwamba kuna watu macho, wanakwenda mahali. Fikirieni ni watoto wangapi walilala na wazo hilo.

Honi nyingine zilikuwa na mwenyewe. Zama za mvuke madereva wa Marekani waliruhusiwa mara nyingi kufunga filimbi zao binafsi kwenye injini. Dereva Casey Jones, aliyefariki tarehe 30 Aprili 1900 treni yake ilipogonga nyingine pale Vaughan, Mississippi, alikuwa na filimbi ya sauti sita iliyojulikana njia nzima. Na wimbo wake wa mwanzo haukutungwa na mshairi. Ulianzishwa na Wallace Saunders, mfanyakazi wa kusafisha injini huko Canton, mtu aliyezishika zile injini kwa mikono. Ndiyo maana nyimbo hizi zina usahihi unaomshangaza hata fundi. Wimbo wa ajali ya treni namba 97, iliyoanguka kutoka kwenye daraja la magogo karibu na Danville, Virginia, tarehe 27 Septemba 1903 na kuua watu 11, unataja mahali treni ilipotoka, mteremko, na kuchelewa kulikomsukuma dereva. Ajabu ni kwamba watu wanausikiliza wimbo wa maafa kama huo na kukumbuka likizo. Wanachukua jina la mji na mteremko, maiti wanawaacha.

Hapo tumefika kwenye maneno, na ndipo watunzi wengi wa leo wanapoteleza. Wanaandika “treni ya maisha,” “reli ya moyo.” Hakuna aliyewahi kupanda hiyo. Mtunzi wa Marekani Steve Goodman alipotunga wimbo wake juu ya treni ya kutoka Chicago kwenda New Orleans, uliotoka 1971 na ukavuma mwaka uliofuata kwa sauti ya Arlo Guthrie, alihesabu: mabehewa mangapi, abiria wangapi, mifuko ya barua mingapi, nani anacheza karata wapi. Ubeti mmoja wa hesabu unatosha kumwambia msikilizaji kwamba mwimbaji alikuwamo. Tena hesabu yenyewe inatoa habari ya huzuni bila kutaja huzuni, kwa sababu abiria ni wachache mno kwa mabehewa mengi hivyo. Treni za abiria zilikuwa zinakufa, na Mei 1971 shirika la reli la Amtrak likachukua sehemu kubwa ya zilizosalia.

Ukitunga, basi, fanya hivi. Andika kwanza vitu kumi vinavyoonekana au kusikika safarini, visiwe hisia hata kimoja. Tikiti ya kadi ngumu iliyotobolewa. Masizi kwenye kola. Maji ya kunywa yanayotikisika kwenye chupa. Dirisha lisilofunga. Chagua vinne. Panga majina ya stesheni kwa mfuatano wake halisi, usiruke hata moja kwa ajili ya vina, kwani atakayeijua njia ile atakushika palepale na wimbo umekufa kwake. Kiitikio ndicho kiachwe wazi, maneno machache yanayorudiwa, maana humo ndimo watu wataingia na safari zao.

Sasa neno juu ya hamu hii ya yaliyopita. Mwaka 1688 huko Basel, Uswisi, mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurejea na maumivu, akauita huo ugonjwa wa nostalgia. Wagonjwa wake walikuwa Waswisi walio mbali na kwao. Baadaye mwanafalsafa Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya 1768, alieleza kwamba wimbo wa wachunga ng'ombe wa Uswisi ulipigwa marufuku katikati ya askari wa nchi hiyo kwa kuwa uliwaliza na kuwatorosha jeshini. Aliongeza jambo ambalo kwetu ndilo kiini: wimbo ule haukuwagusa kama muziki, uliwagusa kama alama ya kukumbushia. Mgeni akiusikiliza haoni kitu.

Wanasaikolojia wamelipima jambo hili. Petr Janata na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2007, waliwachezea wanafunzi wa chuo kikuu vipande vya nyimbo zilizovuma utotoni na ujanani mwao. Kwa wastani asilimia 30 hivi ya nyimbo ziliamsha kumbukumbu za maisha yao. Tazameni upande wa pili wa hesabu hiyo: saba katika kila kumi hazikuamsha. Anayepanga kikao cha nyimbo asitegemee wimbo mmoja. Na mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick walionyesha kwamba vijana wana mafungamano ya nguvu hata na nyimbo za ujana wa wazazi wao. Kijana aliyezaliwa baada ya injini za mvuke kuzimwa anaweza kutokwa na machozi kwa wimbo wa mvuke, naye hadanganyi. Anamkumbuka aliyekuwa anauimba jikoni.

Nanyi mnaoendesha vikao vya wazee, haya ni yenu. Kikundi kisizidi watu wanane, dakika 40 zinatosha. Imbeni kwa mdomo na gitaa, msicheze rekodi ya honi kwenye spika. Honi halisi ya treni hushtua, ndiyo kazi yake, na mzee mwenye kifaa cha masikioni itamuumiza. Shusheni ufunguo wa wimbo, kwani sauti za wazee nyingi haziwezi tena noti za juu, na mtu asiyeweza kuimba hubaki mtazamaji. Wimbo upigwe mara mbili mfululizo: mara ya kwanza watu wanautambua, mara ya pili ndipo wanaingia. Kisha kimya cha nusu dakika kamili kwa saa. Hapa ndipo waongozaji huharibu, wanaogopa kimya wanakijaza kwa maswali. Na swali likija lisiwe “Mnakumbuka mwaka gani?” Huo ni mtihani, na anayeanza kusahau ataona aibu na kufunga mdomo. Ulizeni: “Nani alikuwa ameketi upande wako?” au “Chakula kilikuwa kimefungwa ndani ya nini?”

Tahadhari moja kubwa. Treni haikumpeleka kila mtu likizo. Shosholoza, ambao leo unaimbwa viwanjani kwa shangwe, ulikuwa wimbo wa wanaume waliosafiri kwa treni kutoka Zimbabwe ya leo kwenda migodini Afrika Kusini, na mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini Hugh Masekela katika wimbo wake Stimela wa mwaka 1974 aliigeuza sauti ya injini kuwa shutuma juu ya treni hizohizo. Huko Marekani, magenge ya Weusi waliokuwa wakinyoosha reli kwa mitaimbo waliimba kwa sababu uzito ule hausogei isipokuwa wote wavute kwa sekunde moja. Kiongozi anatoa mstari, mitaimbo inagongwa, kisha wanavuta. Treni zimebeba wanajeshi, wafungwa na waliofukuzwa makwao. Mzee akinyamaza wakati wenzake wanacheka, usimchokonoe. Mkalie karibu, na wimbo unaofuata usiwe wa treni.

Limebaki la kumalizia wimbo, na wapiga gitaa wengi hawalifikirii. Mazoea ni kupunguza kasi kwenye mstari wa mwisho. Kwenye wimbo wa treni kupunguza kasi kuna maana yake: treni inaingia stesheni, milango itafunguka, mtu atashuka. Kama wimbo wako ni wa kurudi nyumbani, fanya hivyo, tena kwa subira, midundo minane yote. Kama ni wa kuaga, kasi isipungue hata kidogo. Punguza sauti tu. Ondoa kwanza maneno, kisha nyuzi za juu, ubaki na dole gumba peke yake, mpaka msikilizaji asijue ni lini hasa ulinyamaza.

Turudi mezani. Vidole viwili, treni ya kilomita 60, midundo 84 kwa dakika. Ta-tam. Ta-tam. Ninaposhusha mkono, shusheni sauti, kasi muiache ilivyo.